Birika la moka la vikombe vitatu: akina Aloyce wa Italia kwenye jiko la Moshi

Ukiita "Aloyce!" siku ya soko Marangu au Kibosho, watageuka watu wawili watatu kwa mpigo. Jina hilo lilipanda mlimani pamoja na misheni, na mwenye nalo anayekumbukwa kanisani kila tarehe 21 Juni ni Mtakatifu Aloisi Gonzaga, kijana wa ukoo wa kitawala wa Castiglione, kaskazini mwa Italia. Alizaliwa 1568, akaacha urithi wake, akaingia kwa Wajesuiti, akafa Roma mwaka 1591 akiwa na miaka 23 baada ya kuwahudumia wagonjwa wa tauni. Aloysius ni Kilatini cha kanisani. Nyumbani kwao alikuwa Luigi. Kwa hiyo kila Luigi wa Italia, kwa Kimoshi, ni Aloyce tu, na birika tunalolikagua hapa limepita mikononi mwa akina Aloyce kadhaa kabla ya kufika kwenye mtungi wako wa gesi.

Chombo chenyewe ni moka: birika dogo la alumini la kupikia kahawa jikoni, lenye pande nane, saizi ya vikombe vitatu, na kahawa ni ya Kilimanjaro. Hukumu tuitoe mapema. Kwa watu wawili wanaokunywa kahawa kila asubuhi, hakuna chombo kisichotumia umeme kinachokaribia hiki kwa nguvu ya kahawa na urahisi wa kazi. Kwa mgahawa, hapana. Wanaolalamika kwamba "linaunguza kahawa" huwa wana kosa moja kati ya matatu: moto mkubwa, saizi isiyowafaa, au unga uliosagwa laini mno. Yote matatu yanatibika bila kununua kitu kingine, isipokuwa la saizi.

Moka ilianza kuuzwa mwaka 1933 kutoka karakana ya Alfonso Bialetti kule Crusinallo, Piemonte. Bialetti alikuwa fundi wa alumini aliyejifunza kazi Ufaransa. Mhandisi anayetajwa mara nyingi kuwa ndiye aliyelibuni birika lenyewe ni Luigi De Ponti. Aloyce wa kwanza huyo, na kama kawaida ya dunia, jina lililobaki kwenye sanduku ni la mwenye karakana. Mwaka huohuo wa 1933 ndipo wakulima wa huku walipoanzisha chama chao cha ushirika, KNCU, kwa hiyo birika na chama ni rika moja. Alfonso hakuuza mengi. Mwanawe Renato ndiye aliyelisambaza baada ya Vita vya Pili, akaweka ile nembo ya mzee mwenye masharubu aliyenyoosha kidole juu. Renato alipofariki mwaka 2016 majivu yake yaliwekwa ndani ya moka kubwa, na padre akaibariki mbele ya waombolezaji. Usicheke, kuna watu huku wanaozikwa na mengi zaidi.

Muuzaji akikuambia moka inatoa espresso, ile kahawa nzito ya mashine za mgahawani, mwache amalize kisha mkumbushe habari ya Luigi Bezzera. Huyu alikuwa mtu wa Milano aliyeomba hataza mwaka 1901 ya mashine ya kutoa kahawa kikombe kimojakimoja, papo hapo, kwa nguvu ya mvuke. Hataza hiyo ilinunuliwa na Desiderio Pavoni, naye akazitengeneza mashine hizo na kuziuza. Kahawa ya Bezzera ilisukumwa kwa kani ndogo ya mvuke, haikuwa na lile povu la dhahabu linaloonekana leo. Povu lilikuja baadaye, mashine za mkono wa springi za Achille Gaggia zilipoingia sokoni miaka ya 1940. Mashine ya mgahawa leo hufanya kazi kwa kani ya bari 9 hivi; moka haizidi sana bari moja na nusu. Yaani kwenye jiko lako unapata kitu kinachofanana na kahawa ya Bezzera ya 1901: nzito, chungu kwa namna nzuri, bila povu la kudumu. Ukiitegemea iwe espresso utachukia birika bure.

Sasa saizi, maana hapa ndipo fedha nyingi hupotea. "Vikombe vitatu" ni vikombe vya Kiitaliano, kila kimoja karibu mililita 50, sawa na kile kikombe kidogo kisicho na mpini cha muuza kahawa wa mtaani anayepita na kashata. Tangi la vikombe vitatu hubeba maji karibu mililita 150, na kinachofika juu ni kama 110 hadi 120. Mengine yanabaki kwenye unga uliolowa na chini ya tangi, kwa kuwa bomba la funeli haligusi sakafu. Kwa mtu aliyezoea kikombe kikubwa cha chai, hiyo ni kahawa ya mtu mmoja na nusu. Mtu akisikia hivyo hukimbilia la vikombe sita au tisa ili "wageni wakija". Kosa. Moka haipikwi nusu. Kikapu lazima kijae unga na tangi lazima lifike usawa wake. Ukipunguza unga, maji yanatafuta njia ya mkato na kahawa inakuwa maji yenye uchungu. Nunua saizi ya asubuhi ya kawaida. Wageni wakija, pika mara mbili.

Ukilifungua unakuta sehemu sita: tangi la chini lenye vali ya usalama ubavuni, funeli yenye kikapu cha unga, gasketi, yaani pete ya kuziba ya mpira au silikoni, chujio bapa lenye matundu madogo, birika la juu lenye kimnara katikati ambako kahawa hutokea, na kifuniko. Kazi yake ni rahisi kueleza. Hewa na mvuke vilivyofungiwa juu ya maji hutanuka, vikayasukuma maji chini, nayo yakakosa pa kwenda isipokuwa kupanda kwenye funeli, kupenya unga, na kutoka juu kwenye mnara. Hivyo maji huanza kupanda kabla tangi zima halijatokota. Yakishapungua mpaka chini ya mdomo wa funeli, mvuke mtupu ndio unaopita, na hapo ndipo unaposikia korokoro. Sauti hiyo si ya kusubiriwa. Ni ya kukimbiwa.

Namna ya kupika. Chemsha maji pembeni kwanza, kwenye sufuria au jagi la umeme. Ukianza na maji baridi, unga unakaa juu ya chuma kinachopata moto dakika kadhaa kabla tone la kwanza halijapita, na huko ndiko kuungua kwenyewe. Mimina maji ya moto hadi chini kidogo ya vali, usiifunike. Vali iliyozama haiwezi kutoa mvuke sawasawa siku ikihitajika. Weka funeli. Tia unga gramu 15 hadi 17, kwa asiye na mizani ni vijiko vitatu vya chakula visivyo na kilele. Gonga kikapu kidogo ubavuni ili unga ujipange, sawazisha kwa mgongo wa kisu, na USIUSHINDILIE. Kani ya moka ni ndogo, haina ubavu wa kupenya kitu kilichoshindiliwa. Pangusa ukingo wa kikapu kwa kidole: punje tano za unga chini ya gasketi zinatosha kuvujisha mvuke pembeni.

Shika tangi kwa kitambaa, kwa kuwa sasa lina moto, na ukaze birika la juu kwa kushika mwili wake. Wengi hukaza kwa kushika mpini, na mpini wa plastiki hukatika kwenye shina. Kisha moto mdogo. Kwenye yale majiko ya kichwa kimoja yanayokaa juu ya mtungi wa kilo sita, mwali ukiwa wa kawaida huwa mpana kuliko kitako cha birika, unalamba ubavu na kuyeyusha mpini. Punguza mpaka mwali usionekane ukitoka nje ya kitako, na uelekeze mpini mbali na katikati ya moto. Birika la vikombe vitatu huyumba kwenye vyuma vya jiko hilo. Fundi wa kuchomelea atakukatia kipande cha chuma bapa cha kuweka juu yake kwa muda mfupi. Jiko la mkaa linafaa pia, ila mkaa uwe umeshika majivu, na usipepee.

Acha kifuniko wazi uone. Kwa maji ya moto, tone la kwanza huja ndani ya dakika mbili hivi. Linalotakiwa ni mtiririko mwembamba wa rangi ya kahawia iliyoiva, unaoteremka ubavuni mwa mnara kama asali ya baridi. Ukiruka na kutapika, moto ni mkubwa. Rangi ikianza kupauka kuwa ya manjano na povu kuja na mapovu makubwa, ondoa papo hapo na uweke kitako kwenye kitambaa kilicholowa maji baridi. Hapo mtiririko unakatika na uchungu mbaya unabaki chini. Koroga kwa kijiko kabla ya kumimina, la sivyo kikombe cha kwanza kitakuwa chepesi na cha mwisho kizito, maana kilichotangulia kutoka ndicho kizito na kimekaa chini. Maziwa yachemshwe pembeni, kahawa nusu na maziwa nusu. Tangawizi na sukari ni za kikombeni. Mtu anayetia maziwa ndani ya tangi anaziba vali kwa mkono wake mwenyewe, na tangi lililozibwa vali juu ya moto si chombo cha jikoni tena.

Kahawa. Unga mwingi unaouzwa Moshi na Arusha umesagwa kwa ajili ya birika la mtaani la kuchemshia: laini kama unga wa ngano. Kwenye moka unga huo unajifunga kama udongo, maji hayapandi, vali inapiga mluzi na kutoa mvuke. Ukisikia mluzi huo zima moto, usifungue, subiri lipoe kabisa. Unachotaka ni unga laini kidogo kuliko chumvi ya mezani. Ukiusugua kati ya vidole usikie punje. Wakaangaji wengi watakusagia ukiwaambia ni ya moka. Wasipoelewa, waambie "laini kuliko ya chujio la karatasi, nene kuliko ya mashine ya espresso". Usagaji mnene mno una kosa lake: kahawa hutoka haraka, nyepesi, yenye uchachu wa ndimu.

Kwa daraja usijisumbue na AA. Herufi hizo ni ukubwa wa punje, si ladha, na ukishasaga ukubwa umekwenda. AB na PB, ile buni ya mviringo inayokaa peke yake ndani ya tunda, zinafanya kazi ileile. Mkaango uwe wa kati. Mkaango mweusi unaong'aa mafuta kwenye moka unatoa ladha ya mkaa.

Mtu anayetaka kahawa yenye mwili zaidi na ajaribu somo la Luigi Lavazza. Huyu alifungua duka la vyakula Torino mwaka 1895, na ujuzi uliomjenga ni kuchanganya kahawa za nchi tofauti badala ya kuuza ya sehemu moja. Huku tuna bahati, vyote viwili viko ndani ya nchi: gramu 12 za arabika ya Kilimanjaro na gramu 3 za robusta ya Kagera kwenye kikapu kimoja. Robusta inaongeza uzito na chembe ya povu. Ukizidisha hapo, uchachu mzuri wa arabika unafunikwa na unabaki na ladha ya gome la mti. Wapo wataalamu wa Moshi watakaoona hii ni dhambi. Na waonje kwanza.

Kuhusu mwinuko, maswali huwa mengi kuliko tatizo. Moshi maji huchemka karibu nyuzi 97, Arusha karibu 95, na moka haihangaiki kwa sababu inafanya kazi kwa tangi lililofungwa. Tofauti inaonjeka ulimini huko juu sana. Kibo Hut, mita 4,720, maji huchemka nyuzi 85 hivi, kahawa inaelekea uchachu, na dawa ni kusaga laini kidogo zaidi na kuvumilia. Na kwa kuwa tuko mlimani: Luigi Amedeo, mwenye cheo cha Duke wa Abruzzi, wa ukoo wa kifalme wa Savoia, ndiye Aloyce wa milima. Mwaka 1897 alifika kilele cha Mount Saint Elias kule Alaska, mwaka 1906 akapanda vilele vya Rwenzori na kukiita kirefu kuliko vyote Margherita kwa heshima ya malkia, mwaka 1909 akaujaribu K2, mlima wa pili kwa urefu duniani, kwa njia ambayo hadi leo inaitwa kwa jina la Abruzzi. Akafa Somalia, kwenye makazi ya mashamba aliyoyaanzisha karibu na mto Shebelle, mwaka uleule wa 1933. Kilimanjaro hakuwa yeye. Lakini Mwaustria aliyefika kilele cha Kibo na Hans Meyer mwaka 1889 aliitwa Ludwig Purtscheller, na Ludwig ni Luigi aliyevuka Alps. Aloyce hakosekani.

Akina Luigi wengine tunawapita: Boccherini wa sello, Pirandello aliyepata Nobel ya fasihi mwaka 1934, Einaudi aliyekuwa rais wa nchi 1948 hadi 1955, na Luigi "Gigi" Riva wa Cagliari mwenye mabao 35 kwenye timu ya taifa. Hawana mkono kwenye birika hili.

Mwenye mkono, tena mkubwa, ni Luigi Galvani, tabibu wa Bologna aliyezaliwa 1737 na kufa 1798. Alikuwa akichunguza miguu ya vyura. Aliona kwamba mguu ulioning'inizwa kwa ndoano ya shaba ya njano ukigusa uzio wa chuma, msuli unashtuka. Yeye alidhani umeme uko ndani ya mnyama. Alessandro Volta akambishia: umeme unatokana na metali mbili tofauti zenye unyevu katikati. Jina la Galvani limebaki kwenye lugha ya mafundi. Ile G ya bomba la GI analokuuzia fundi bomba ni yeye, chuma kilichovikwa zinki. Sasa geuza moka uitazame. Tangi ni alumini. Vali, kwenye nyingi, ni shaba ya njano. Ukiacha maji ya jana yakae humo, umetengeneza chura wa Galvani jikoni kwako: metali mbili, unyevu katikati, na alumini ndiyo inayoliwa. Dalili zake ni unga mweupe na vishimo vidogo kuzunguka vali. Ndiyo maana sharti la kwanza la usafi si sabuni, ni ukavu. Suuza, pangusa, acha sehemu zote zikiwa zimefunguliwa mpaka zikauke, ndipo uliunge.

Sabuni kidogo haidhuru ukisuuza vizuri. Kinachoua ni jivu. Sufuria zetu huoshwa kwa jivu na steelwaya zikang'aa, na mtu mwenye nia njema ataliosha birika vivyo hivyo. Jivu na magadi hula utando unaoikinga alumini, birika likageuka jeusi na kuacha ladha ya chuma. Likishatiwa weusi, chemsha maji yenye kijiko kimoja cha chakula cha siki bila kahawa, suuza, kisha pika kahawa mara mbili ya kumwaga. Birika jipya nalo lipikiwe mara tatu za kumwaga kabla ya kunywa. Kwa Arusha kumbuka jambo moja: kwenye maeneo ya Meru yenye floraidi nyingi, kuchemsha hakuiondoi, kwa hiyo tumia maji yaleyale unayotegemea kwa kunywa.

Chuma cha pua au alumini? Alumini, isipokuwa kama jiko lako ni la sumaku, ambalo alumini haiwashi, au kama nyumbani kwenu vita dhidi ya jivu imeshashindikana. La chuma cha pua ni ghali zaidi, linavumilia steelwaya, na linachelewa kupata moto. Dukani, kabla ya kulipa, fungua birika. Meno ya kufungia yaingie laini bila kukwaruza. Matundu ya chujio yawe sawa, ukilinyanyua juani yaonekane yote. Vali ndiyo ya kuangaliwa kuliko yote: kwenye mengi yaliyoigizwa ni urembo tu, haina kitu ndani. Yenye kipini katikati, kisukume kwa kijiti kirudi chenyewe. Ukilikuta la mtumba pale soko la Memorial, Moshi, lina masharubu upande na mpini umekatika, usilidharau. Mpini ni skrubu moja. Lakini likiwa na vishimo karibu na vali, lirudishe chini.

Kinachochakaa ni gasketi. Kwa matumizi ya kila siku ya mpira hudumu kama mwaka, ya silikoni zaidi. Ikiwa ngumu, imepasuka au mvuke unatoka kiunoni hata baada ya kukaza, ing'oe kwa ncha ya kijiko, pangusa mfereji wake, rudisha chujio kwanza, kisha weka gasketi mpya inayolishikilia. Ya vikombe vitatu haiingii kwenye ya sita, na ya alumini mara nyingi hailingani na ya chuma cha pua, kwa hiyo nenda na ya zamani mkononi. Mafundi wengine watakukatia moja kutoka tyubu ya gari. Itaziba vizuri kabisa, na kahawa yako itanuka gereji mpaka uitoe.